Bei ya Haki ya Kabureta

Jumatatu, 14 Oktoba

Marlys ameniambia asubuhi kwamba hana hasira. Tumeoana miaka thelathini na mmoja, najua maana yake. Nikaweka kikombe cha kahawa mezani na kujiandaa.

Maneno yake yalikuwa machache. Gari lake limelala nje misimu kumi na mmoja ya baridi, kwa sababu gereji yetu imejaa injini za watu. Yeye hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupika kwenye nyumba ya wazee. Kabla ya kutoka hukwangua barafu kwenye kioo, kwa mkono ambao daktari alishasema una baridi yabisi. Hataki utajiri. Anataka moja kati ya mawili. Ama nianze kutoza bei ya haki, bei inayobakiza kitu, tupate dola mia nne za nguzo na mabati ya kibanda cha gari lake. Ama injini zitoke, gari liingie. Muda niliopewa ni hadi theluji ya kwanza itakayoshika chini bila kuyeyuka.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kazi rahisi! Mchana mimi ni dereva wa basi la shule, lakini jioni mimi ni fundi, na hakuna kabureta katika kaunti hii iliyowahi kunishinda. Kuna kitu kimoja tu ambacho sijawahi kukifanya, nacho ni kutaja bei. Huku Minnesota hatutaji. Mtu anakuja kuchukua mashine yake, anauliza akupe ngapi. Unasema ah, usijali. Anasisitiza. Unasema si kitu, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Anasisitiza mara ya tatu. Hapo ndipo unaruhusiwa kukubali, na unataja kiasi kidogo mno, asije akadhani ulikuwa unangoja. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na baba yake kabla yake. Wote wawili walikufa maskini. Lakini mazishi yao yalijaa watu hadi wengine wakasimama nje.

Sijawahi kukaa chini nikajiuliza: saa yangu moja ina thamani gani? Nimeanza leo. Nimefikiri hadi supu ikapoa.

Jumanne, 15 Oktoba

Utafiti! Nimepiga simu karakana ya mjini, nikajifanya mteja mzee mwenye kikohozi. Wanatoza dola tisini na tano kwa saa. Spea kando. Nilikohoa kikohozi cha kweli.

Nikafikiri hivi. Mimi sina kodi ya duka wala msichana wa kupokea simu, kwa hiyo nusu ya bei yao inatosha. Nusu ni arobaini na saba na nusu. Mimi ni Mlutheri, na kwetu tamaa ni aibu, nikashusha hadi arobaini na tano. Nikachukua ubao, nikaandika kwa rangi nyeusi: KUSAFISHA KABURETA, DOLA 45. KAMBA YA KUWASHIA, DOLA 20. PLAGI, DOLA 10. Chini yake nikaongeza KUULIZA, BURE, ili watu wasiogope. Nikaupigilia misumari ukutani, nikasimama mbali kuutazama. Nilijisikia mtu mzima kwa mara ya kwanza, na nina miaka hamsini na minane.

Mteja wa kwanza, Milford Stenvik, mfuga ng'ombe, na mashine yake ya kusukuma theluji inayokohoa. Akauona ubao. Akautazama muda mrefu. Akasema naona upepo umegeuka, sasa unatoka kaskazini-magharibi. Nikakubali kwamba umegeuka. Akasema haya basi, akakumbuka ana shughuli mahali, akairudisha mashine kwenye pikapu.

Dakika ishirini baadaye mashine ile ile ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa Burnell Aasen.

Huyu Burnell! Kastaafu kiwanda cha karatasi, ana pensheni. Gereji yake ina hita, ina milango miwili inayojifungua yenyewe, na ndani kuna gari moja tu. Nusu nzima tupu, inapasha joto hewa! Anatengeneza injini za watu kwa starehe, na akiulizwa bei anasema nipe chochote. Utashindanaje na mtu anayetoza chochote?

Nikamwambia Marlys kwamba rahisi huvunja upishi. Akasema huenda, lakini mashine ya Milford imeshawaka, anaisikia kutoka jikoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimegundua kosa langu la jana. Nilipanga bei bila kujua bei ya mpinzani. Jenerali gani huenda vitani bila kupeleleza?

Mpango: nimechukua mashine yangu mwenyewe ya theluji, nikaijaza kabureta yake mafuta ya zamani yaliyoganda, nikaisukuma hadi kwa Burnell kama mteja. Mchana kweupe. Alinipokea kwa sauti iliyofika kanisani. Alisema, "Kinyozi hajinyoi!" Akacheka hadi akafuta macho. Nikamwambia siku hizi macho yangu hayaoni vizuri matundu madogo. Akaacha kucheka, akanitazama kwa huruma. Hiyo iliniuma zaidi ya kicheko.

Alifanya kazi dakika kumi na mbili. Nilipima kwa saa iliyokuwa mfukoni. Akasema ajabu, ni kama mtu ameishindilia hii kwa kidole, labda watoto. Nikasema watoto wa siku hizi.

Kisha nikauliza nimpe ngapi. Usijali, akasema. Nikasisitiza. Si kitu, akasema. Nikasisitiza mara ya tatu, nikasogea karibu, maana sasa siri ilikuwa inatoka. Burnell akakuna kidevu. Akasema, "Wendell, wewe ni fundi mwenzangu. Wewe ungenitoza ngapi?"

Arobaini na tano ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilipe arobaini na tano kwa uchafu nilioutia mwenyewe? Na nikisema tano, si nimekiri kwamba kazi yangu ni ya dola tano? Nikausikia mdomo wangu ukisema kumi na tano.

Akazipokea, akazikunja, akanishukuru. Akasema hiyo ni bei ya haki. Akasema miaka yote hii hakujua atoze ngapi, na amefurahi kupata neno la mtaalamu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Burnell amewaambia watu. Amewaambia wote, mkahawani, kwenye ile meza ya wanaume wanaokunywa kahawa hadi saa nne. Amesema Wendell Torkelson ametupangia bei, kabureta ni dola kumi na tano, na wote tumshukuru. Amesema kwa moyo safi! Angekuwa na nia mbaya ningejua la kufanya.

Hadi jioni uani kwangu palikuwa na mashine nne. Ya kwanza ya Milford tena, safari hii ya kukata nyasi. Akausoma ubao, akauliza kwa adabu kama Burnell alisikia vibaya, au ubao huu ni wa zamani. Nikasema ni wa zamani. Rangi ilikuwa bado inanata.

Sasa hesabu. Gasketi, sindano na ule mpira mdogo wa ndani wa kila kabureta vinanigharimu dola kumi na moja. Zinabaki nne. Nimejipalia makaa, tena kwa koleo langu mwenyewe.

Marlys alizihesabu mashine kupitia dirisha la jikoni. Akauliza kama hizo ni habari njema. Nikamjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Akauliza kibaba cha dola mia nne kinahitaji kabureta ngapi. Nikamwambia mia moja. Akauliza mji wetu una nyumba ngapi. Anajua vizuri ni themanini.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nawaza.

Jana nilimaliza zile nne, na kila moja niliipima kwa saa. Kabureta ya Milford ilichukua dakika thelathini na nane. Milford mwenyewe alichukua saa moja na dakika hamsini. Aliaga saa kumi kamili. Aliaga tena saa kumi na dakika ishirini, mkono ukiwa kwenye mlango wa pikapu. Aliaga mara ya mwisho kupitia dirisha, injini inawaka, baada ya kunisimulia ugonjwa wote wa ng'ombe wake, kuanzia kwato kwenda juu.

Kwa hiyo mimi siuzi ufundi. Nauza sikio! Ufundi ni kisingizio. Nilikaa kwenye benchi la kanisa nikaona nimegundua jambo kubwa: watu wa huku wanaona aibu kumtembelea mtu bila sababu, basi wanakuja na injini. Baridi ni ndefu, mashamba yako mbalimbali. Mashine ikikohoa, ni ruhusa ya kwenda kwa jirani. Nikawahurumia, kwa kweli. Nikajihurumia na mimi.

Lakini sikio litozwe ngapi? Nilitaka kuanzia dola kumi kwa saa. Kisha nikakumbuka kwamba nusu ya ule muda nilikuwa nazungumza mimi, habari za basi na goti langu. Je, mimi ndiye ninayepaswa kumlipa Milford? Wazo hilo nimeliacha kanisani.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo kaja Bibi Ardith Quamme. Mumewe, Lyle, alifariki mwezi wa nne. Kaleta mashine ya Lyle ya theluji, kaiendesha pikapu mwenyewe, kashuka na koti lake la kanisani. Akasema inatoa mlio.

Niliiwasha. Hakuna mlio. Nikaifungua yote. Safi kuliko yangu! Lyle alibadilisha oili mwezi wa tatu, hata akabandika kipande cha karatasi chenye tarehe. Nilipaswa kumwambia Bibi Ardith hapo hapo kwamba mashine ni nzima.

Lakini shetani wa biashara alinong'ona. Huyu mama hanywi kahawa kwenye ile meza. Habari za kumi na tano hazijamfikia. Nikaichomoa plagi safi, nikaisafisha. Nikazikaza nati zilizokazwa. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu saa mbili. Aliniambia kila mwezi wa kumi Lyle alikuwa anaivuta kamba uani, naye akiwa jikoni akisikia injini imeshika, alijua kwamba baridi sasa inaweza kuja, wamejiandaa. Mwaka huu alingoja hadi tarehe ishirini. Kimya. Ndipo akaja.

Nikavuta kamba tena, ikawaka, akafumba macho akasikiliza.

Kisha akauliza bei. Usijali, nikasema. Akasisitiza. Si kitu, nikasema. Akasisitiza mara ya tatu, nikasema arobaini na tano. Akanipa hamsini, akakataa chenji.

Nilimlipa Burnell kumi na tano, kabureta nne zimeniingizia kumi na sita, ukiongeza hizi hamsini, faida yangu ni dola hamsini na moja. Safari imeanza! Ila jioni nilikaa gereji nikijiuliza nimeuza nini hasa. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichotengenezwa. Lakini mteja kaondoka na furaha kuliko wote wa mwaka huu. Mtu akinunua kitu ambacho hakipo na akaridhika, bei yake ni kubwa au ndogo? Nikaandika kwenye daftari: plagi, kumi. Sikio, arobaini. Ikiandikwa inaonekana vibaya sana, nikaufuta mstari wa pili.

Jumatano, 23 Oktoba

Theluji asubuhi! Nilisimama dirishani nikiomba. Saa tano imeyeyuka. Haikushika, kwa hiyo haihesabiki.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bibi Ardith ana dada kwenye nyumba ya wazee. Kumbe! Leo alikwenda kumwona, akamkuta Marlys jikoni kule, akamsimulia jinsi Wendell alivyoiokoa mashine ya Lyle, na kwa hisani tu, dola arobaini na tano, na bado ni yeye Ardith aliyenilazimisha kuchukua hamsini.

Marlys aliniuliza mashine ilikuwa na ugonjwa gani. Mlio, nikasema. Mlio gani? Nikasema ni mgumu kuuelezea kwa mtu asiye fundi. Akakata mkate. Kisha akasema, "Hiyo nayo ni namna ya kufanya kazi."

Huku kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo. Mama yangu alilitumia mara moja tu maishani mwake, kwa mtu aliyechoma ghala lake apate bima.

Nikachukua zile hamsini, nikaenda kwa Bibi Ardith. Akakataa kuzipokea. Akakataa tena. Mara ya tatu akazipokea, na mimi, nakiri, nilikuwa na tumaini dogo kwamba angekataa. Akasema mkono mtupu haulambwi, akanibebesha sinia la viazi na nyama ya kusaga. Na kwa kuwa nina moyo namna hii, akasema, ataniletea pia msumeno wa injini wa Lyle, injini ya mashua ya Lyle, na ile mashine ya kulimia bustani. Anahisi zote zinatoa mlio.

Njiani nilifanya hesabu. Faida yote tangu nianze kutoza bei ya haki ni dola moja.

Viazi vilikuwa vitamu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Imeshika.

Niliamshwa na ule mkwaruzo wa barafu kwenye kioo. Nikasogeza pazia. Marlys alikuwa uani chini ya taa, theluji hadi kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa anakwangua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuficha kwapani. Kila baada ya muda anautoa, anaupulizia pumzi, anaurudisha.

Niliona aibu. Sitaki kuipamba. Misimu kumi na mmoja nimeusikia mkwaruzo ule nikiwa chini ya blanketi, nikageukia upande wa pili.

Nikavaa buti juu ya nguo za kulalia, nikatoka. Nikamnyang'anya kikwangulio, nikasafisha vioo vyote, hata cha nyuma, hata taa. Nikamwambia nimeshindwa, bei ya haki sijaipata, na leo leo nitaitoa kila injini, gari lake liingie.

Akasema ah, hapana, acha tu, mashine za watu utazipeleka wapi?

Nikamwambia hapana, mke wangu, nimeamua, nazitoa zote.

Akasema usijisumbue, nimeshazoea.

Mke gani huyu! Nilijikaza nisilie. Nikamshukuru kwa moyo wangu wote, nikamwambia hakuna mwingine kama yeye Minnesota nzima. Alibaki amesimama akinitazama, kama abiria anayengoja mlango wa basi ufunguliwe. Nikadhani ni baridi. Nikamfungulia mlango wa gari, akaondoka, nami nikarudi kitandani. Nililala vizuri kuliko wiki zote hizi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jana mchana gari la Marlys lilirudi kutoka kazini na halikukata kona kuingia uani kwetu. Lilikata upande wa pili. Mlango wa pili wa gereji ya Burnell ukajifungua, gari likaingia, mlango ukashuka. Nikadhani amepotezwa na theluji. Kisha nikamwona anavuka barabara kwa miguu na mkoba wake.

Alinieleza huku anavua buti. Alimuuliza Burnell kama angempangisha ile nusu tupu. Burnell akasema usijali. Akasisitiza. Burnell akasema si kitu. Akasisitiza mara ya tatu, wakakubaliana dola ishirini kwa mwezi. Mazungumzo yote, dakika tano. Nikamuuliza mbona hakuniambia kwamba bado anataka gari liingie ndani. Akanitazama. Akasema alidhani ningesisitiza tena.

Leo alfajiri hapakuwa na mkwaruzo. Nilikuwa macho tangu saa kumi nikiusubiri. Nikasogeza pazia. Marlys akavuka barabara taratibu, mlango ukapanda wenyewe, gari likatoka kavu, kioo kinang'aa, joto limejaa ndani. Burnell alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alimwambia neno, sikulisikia. Marlys alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka saa kumi na moja alfajiri.

Iliniuma. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilikaa jikoni hadi saa ya basi, sikuchemsha hata kahawa, nikajiuliza kwa unyofu mambo yaliharibikia wapi. Nilirudi nyuma siku kwa siku. Nikajichunguza, nikawachunguza na wengine. Na mwishowe nimeliona kosa, liko wazi kabisa.

Ishirini! Gereji yenye hita, mlango wa kujifungua, ng'ambo tu ya barabara! Nimepiga simu mjini, safari hii bila kikohozi. Nafasi kama ile ni dola themanini kwa mwezi, na hita utalipia mwenyewe. Yule mtu anaharibu bei. Akiachwa aendelee hivi, hakuna atakayejua thamani ya kitu chochote katika mji huu. Leo nikishamaliza zamu ya basi navuka barabara kwenda kumwambia apandishe, angalau ifike hamsini. Marlys atanung'unika mwanzoni, lakini haki ni haki.